Nilivyoacha kuihangaikia mosi, ikaota

Nyumbani kwetu ni Mwanga, hapa Kigoma. Siku nilipoingiza sebuleni tangi la kioo la lita 60, bibi alisimama mlangoni akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Mjukuu wangu, Tanganyika yote ile haijakutosha, unafuga maji ndani?" Nikamwambia, bibi, nafuga samaki. "Samaki ninayemjua mimi anakaa sufuriani," akanijibu, akaenda zake.

Samaki wenyewe ni gapi, wale wadogo wenye mikia ya rangirangi. Asili yao Amerika Kusini, ila hawapati shida na maji magumu kama haya yetu ya ziwani. Shida yao ni moja: wanakula watoto wao. Asubuhi nahesabu vitoto kumi na viwili, jioni vimebaki vitatu.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam akaniambia niweke mosi ya Java, vitoto vipate pa kujificha. Mosi hii si ile ya mosi, pili, tatu. Ni kimmea cha jamii ya ule ukijani unaoota kwenye kuta zenye unyevu, ila hiki kinaishi hata ndani ya maji. Akanitumia fungu la kujaa kiganja kwa treni, ndani ya mfuko wenye maji kidogo. Lilikaa njiani siku mbili na likafika bichi kabisa. Pale pale ningeng'amua kwamba si mmea wa kubembelezwa. Wapi!

Kwanza niliichomeka mchangani kama miche ya mchicha. Mosi haina mizizi ya kunyonya; ina vinyuzi vya kujishikiza tu kwenye jiwe au gogo, na chakula chake inakichukua majini kwa mwili wake wote. Sehemu niliyoizika ikageuka kahawia, ikaanza kunuka.

Nikadhani imekosa mwanga. Nikasogeza tangi dirishani lipigwe na jua la asubuhi, na jioni nikawa nawasha taa ya ledi mpaka saa tano usiku. Haikupita wiki mbili mosi ikavamiwa na mwani wa nyuzi, ule mrefu kama nywele. Ukishajisokota humo ndani, kuutoa ni kama kutoa bigijii kwenye sweta. Juu ya hayo, nyumba ni ya bati, na pale dirishani kipimajoto kilikuwa kinasoma 31 mchana. Mosi inapenda maji ya nyuzi 20 hadi 25 hivi. Ikifika 28 bado inavumilia, lakini juu ya hapo inadhoofika.

Kilichoniokoa ni harusi ya dada. Wageni wanakuja, sebule inatakiwa, tangi likahamishiwa kwenye kona ya ukumbini, mbali na dirisha, karibu na sakafu. Kabla ya kulihamisha nilichambua vishina vilivyokuwa bado vya kijani, vyote havikujaa hata kijiko cha chakula. Nikachukua jiwe lenye uso wa kukwaruza, kama ngumi hivi, nikavitandaza juu yake vyembamba, jiwe likionekana katikati. Ukirundika, vya chini vinakosa mwanga vinaoza. Kisha nikazungusha uzi wa pamba wa kushonea, mizunguko minane au tisa, nikikaza kidogo tu. Uzi wa pamba unaoza wenyewe baada ya wiki kadhaa, na kufikia hapo mosi imeshashika. Wengine hutumia mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki; unafaa, ila huo hauozi, utauona mpaka mosi iufunike.

Halafu harusi ikanimeza. Nilikuwa nawalisha samaki na kubadilisha maji, basi. Wiki ya tano hivi, nikiwa nimechuchumaa natafuta kiatu, nikaona kwenye jiwe vincha vipya, kijani chepesi cha ndimu changa, vimejipanga huku na huku kama unyoya mdogo. Kufikia mwezi wa nne tangu niifunge, jiwe halikuonekana tena.

Nisieleweke kwamba haitaki matunzo. Nilikuwa naitunza kama mchicha, ndiyo kasoro. Sasa taa inawaka saa sita kwa siku. Mbolea siweki. Kila wiki natoa robo ya maji na kurudishia ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi usiku mzima, klorini ipungue. Kazi ninayoizingatia ni moja: kuitikisa mosi kwa vidole kabla sijavuta maji kwa mpira, maana inanasa kila uchafu wa samaki, na uchafu ndio unaouita ule mwani. Ikizidi naipunguza kwa mkasi. Hapo zima pampu kwanza, uokote kila kipande, la sivyo sponji ya chujio itaziba.

Mabaki siyamwagi mferejini hata siku moja, maana mifereji ya mji huu inaishia ziwani. Kipande kidogo tu kinatosha kuota upya, na watu wa Mwanza wanajua gugumaji lilivyowatesa. Mimi nayaanika juani mpaka yawe makavu kama majani ya chai, ndipo yanaenda jalalani.

Vitoto vya gapi sasa siwezi kuvihesabu, vinazama humo ndani hata kivuli chao huoni. Bibi amehamishia kigoda chake pale konani, na jioni huwa ana tochi mkononi. Juzi kaniita kwa sauti ya dharura, nikadhani kuna nyoka.

"Huyu mwenye tumbo," akasema akinielekezea kwenye kioo, "anajifungua leo. Usizime taa."