Ndevu zilizowahi chavua

Leo asubuhi nilikuwa katika shamba la majaribio huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye ardhi ya maweni ambako udongo ni haba na mvua ya vuli ikikatika kidogo tu, mahindi hukunja majani.

Katika mstari wa mbegu ya kawaida, mbelewele, yaani maua dume ya kileleni, zilikuwa zimekwisha kumwaga chavua ilhali ndevu za gunzi, zinazoipokea chavua hiyo ili punje zitungwe, hazijachomoza. Mahindi hayo yatakuwa mapengo matupu.

Mstari wa pili, wa mbegu inayostahimili ukame, ndevu zilikuwa mbichi, zikinata vidoleni, zimewahi chavua!

Sifa hiyo ya ndevu kutochelewa wakati wa ukame ndiyo watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, walianza kuichagua nchini Mexico miaka ya 1970, na kuiona kwa macho yangu kisiwani kwetu kumenipa faraja kubwa.

Ndugu zangu wa Pemba na Mafia, kwenu ni mbegu gani inayostahimili ukame?