Nilivyoifanya Debian ijae skrini nzima ndani ya VirtualBox

Debian (aina ya Linux) yenye eneokazi la Xfce niliyosakinisha ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, ilifunguka kwenye kidirisha kidogo, na hata nilipokikuza kijae skrini, picha ilibaki vilevile katikati, weusi umeizunguka pande zote. Nilihitaji kuandika msimbo upande mmoja na kuona terminali upande wa pili, jambo lisilowezekana kwa nafasi ile. Kwenye mipangilio ya skrini, orodha haikuwa na 1366x768, ukubwa wa laptopu yangu.

Mfumo mgeni, yaani ule unaoendeshwa ndani ya VirtualBox, hauioni skrini yako halisi. Unachokiona ni kadi ya picha ya kuigiza, na pasipo draiva zinazofaa hauna njia ya kujua dirisha lako lina upana gani.

Kwa hiyo niliizima mashine pepe (kompyuta hiyo ya kuigiza) kwanza, nikaingia Settings, kisha Display. Kwa Linux, kadi inayofaa ni VMSVGA. Kwa Windows ni VBoxSVGA. Nikapandisha na kumbukumbu ya video kutoka MB 16 hadi 128. Wengi huishia hapo wakidhani kumbukumbu ndiyo tatizo, lakini picha moja ya 1920x1080 kwa rangi za biti 32 huchukua kama MB 8.3 tu. Mwenye skrini ya 4K ndiye anayebanwa kweli, kwa sababu yake inafika MB 33.

Nilipoiwasha tena nikajaribu njia ya xrandr, amri ya kubadilisha ukubwa wa skrini kwenye Linux. Amri ya cvt hukokotoa vipimo vya rezolusheni mpya, nami nikaandika:

cvt 1366 768

Jibu likaja 1368x768! Fomula ya cvt inataka upana unaogawanyika kwa 8, na 1366 haugawanyiki, basi ikausogeza mbele pikseli mbili. Nikanakili mstari wa Modeline wenye vipimo hivyo, nikaupitisha kwenye xrandr --newmode, halafu --addmode pamoja na jina la skrini, ambalo ukiandika xrandr tupu utaliona. Nikauchagua ukubwa huo kwenye mipangilio ya skrini, picha ikatanuka. Ila ukiwasha mashine upya mpangilio unapotea mpaka uuweke kwenye faili la ~/.xsessionrc, na xrandr haiongezi ukubwa mpya ukiwa kwenye Wayland, mfumo mpya zaidi wa kuonyesha picha kwenye Linux. Naitunza njia hii kwa mashine nisizoruhusiwa kusakinisha kitu.

Suluhisho lenyewe ni Guest Additions, draiva za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mfumo mgeni, na ningemshauri yeyote aanzie hapo. Ndani ya Debian niliandaa vifaa vya kujengea moduli za keneli (kiini cha mfumo):

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Kisha kwenye menyu ya Devices nikachagua Insert Guest Additions CD image, nikafungua terminali ndani ya CD hiyo na kuandika:

sudo sh ./VBoxLinuxAdditions.run

Usiiache hiyo sh, maana CD mara nyingi hufunguliwa bila ruhusa ya kuendesha programu moja kwa moja. Nikawasha upya, nikahakikisha Auto-resize Guest Display imewashwa kwenye menyu ya View, nikavuta kona ya dirisha. Eneokazi likafuata kila nilipovuta, na Ctrl ya kulia pamoja na F ikalijaza kwenye skrini yote.

Keneli ikisasishwa na picha ikarudi kuwa ndogo, sakinisha linux-headers za keneli mpya, uandike sudo /sbin/rcvboxadd setup, kisha uwashe upya.