Waliopima mizani yao wenyewe

Sisi wanafunzi wa uzamivu huku Uingereza tunaishi kwa kusubiri majibu ya wahakiki, wasomi wanaosoma makala zetu na kushauri zikubaliwe au zikataliwe. Barua pepe inaingia, unaisoma umefumba jicho moja. Mara ya mwisho, mhakiki wa kwanza aliandika kwamba kazi yangu ni safi, wa pili akasema haina jipya, na wa tatu, nina hakika, hakuvuka ukurasa wa pili. Makala ikakataliwa. Mnigeria ninayekaa naye ofisini akacheka sana, kisha akaniambia nikasome kwanza kazi za Neil Lawrence, kulia nitalia baadaye.

Lawrence ni profesa wa ujifunzaji wa mashine (machine learning), yaani kuifundisha kompyuta kwa kutumia data, zamani Sheffield, sasa Cambridge. Mwaka 2014 yeye na Corinna Cortes wa Google ndio walioongoza uteuzi wa makala za NIPS, mkutano ambao leo unaitwa NeurIPS na ambao kila mtu wa fani hii anautamani. Wakaamua kupima mizani yao wenyewe. Makala 166 zilipitiwa na kamati mbili, kila moja ikiamua bila kujua mwenzake amesema nini. Zikatofautiana kwenye makala 43. Namba hiyo isikudanganye kwa udogo wake, maana makala nyingi huwa ni za kukataliwa tu na hapo kukubaliana si kazi. Tazama zile ambazo kamati moja ilizipitisha: kama nusu hivi, kamati ya pili ilizitupa nje.

Mwaka 2021 mkutano ukarudia jaribio hilo kwa makala 882, na mambo hayakuwa yamebadilika sana. Cortes na Lawrence nao wakafuatilia makala za 2014 ziliishia wapi. Kwa zile zilizokubaliwa, alama za wahakiki hazikuwa na uhusiano na mara ambazo makala ilikuja kunukuliwa na watafiti wengine. Yaani kazi mbovu wanaitambua. Kazi bora wanaibahatisha. Na wamelichapisha hilo wao wenyewe, kwa majina yao.

Ila kilichonifanya nimpende mzee Lawrence ni Nyeri, kule Kenya. Mwaka 2015, pamoja na Ciira Maina wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na akina Ernest Mwebaze na John Quinn wa Makerere, walianzisha Data Science Africa. Mwaka uliofuata ikawa Kampala, 2017 ikaja Arusha, pale Taasisi ya Nelson Mandela. Ni mafunzo ya siku chache, kisha warsha, na maswali yanatoka kwetu: watu wa Makerere, kwa mfano, walikuwa wanaifundisha simu kutambua ugonjwa wa batobato kwenye jani la muhogo. Hapo anayepanda ndege ni mwalimu. Aliyewahi kukusanya taarifa za benki, barua ya mwajiri na hati ya nyumba ya baba yake ili aombe viza ya mkutano wa siku tano ataelewa kwa nini nalisema hili kwa furaha. Lawrence ndiye pia aliyeanzisha mfululizo wa kuchapisha makala za mikutano ambao sasa ni Proceedings of Machine Learning Research: msomaji halipi, mwandishi halipi.

Haya yote nilimrushia kaka yangu WhatsApp. Yeye ni mhadhiri nyumbani, na kupanda cheo kwake ni hesabu ya makala. Nikamwambia vyuo vyetu vimeazima hesabu hii ya wenzetu na kuacha tabia yao ya kuijaribu. Nao wachukue maombi machache ya kupandishwa cheo, wayapeleke kwa kamati mbili zisizojuana, tuone. Na wakati huo huo wampe pointi mtu aliyekaa wiki nzima akiwafundisha wadogo zake, kama wanavyofanya wale wa Nyeri na Arusha.

Kaka alikaa kimya mpaka jioni. Kisha akajibu: "Wazo zuri, mdogo wangu. Liandikie makala, litume kwenye jarida linalotambulika, likikubaliwa niweke jina na mimi. Nimebakiza pointi mbili tu."