Kadi ya Benki Haiwekwi Rehani: Mkopaji wa Kusini na Sheria Inayochelewa Kumfikia

Kuanzia Februari hadi Septemba hela huwa ngumu Mtwara na Lindi. Korosho za msimu uliopita zimeshauzwa na malipo yameshatumika, huku shamba likianza kudai upya: palizi, kupogolea, kisha kuanzia Mei au Juni salfa na dawa za maji za ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Katikati ya hayo kuna ada, kuna mgonjwa, kuna bati lililong'olewa na upepo. Mnada hauanzi mpaka Oktoba. Pengo hilo la miezi minane ndilo soko la wakopeshaji wa mitaani. Wanaoumia zaidi ndani yake wanajulikana kila kijiji: bibi asiyesoma, mjane aliyeachiwa mikorosho bila hati, mstaafu anayetegemea pensheni, kijana kiziwi asiyepata wa kumfafanulia anachokitia saini.

Tanzania haina uhaba wa sheria za kumlinda mlaji. Tatizo ni kwamba karibu zote zinasubiri mtu alalamike, kwa maandishi, akiwa na nakala mkononi, katika ofisi iliyo mjini. Mtu tuliyemtaja hapo juu hana lolote kati ya hayo matatu. Ulinzi unatakiwa uhamie pale dole gumba linapogusa karatasi. Kabla ya kufika kwenye mapendekezo, tuangalie hela zenyewe zinavyopotea.

Chukua mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani unaorejeshwa kila siku kwa riba kubwa, wa shilingi 100,000. Fomu na "uendeshaji" hukatwa juu kwa juu, tuseme 10,000, na mkopaji anaondoka na 90,000. Anatakiwa kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Hiyo ni 130,000. Amepokea 90,000, amelipa 130,000, na mwezi haujaisha. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 100,000 hiyo ni riba ya 3,500. Huyu amelipa 40,000. Na kwa kuwa marejesho yanaanza kesho yake, hela yote haikai mikononi mwake hata wiki moja: ikifika siku ya saba ameshatoa 35,000. Akikosa siku moja kuna faini, na faini nayo huingizwa kwenye deni. Wengi wanaodhani wamekopa kwa "asilimia thelathini" wamekopa kwa zaidi ya hapo, kwa sababu hawahesabu kilichokatwa mwanzoni wala kasi ya marejesho.

Kangomba, yaani kumwuzia mnunuzi wa mtaani korosho kwa bei ya chini kabla ya msimu, ni ndugu wa mkopo huo, ila haina karatasi. Mzee anachukua 80,000 mwezi wa Julai na kuahidi gunia la kilo 80 mwezi wa Novemba. Mnada ukitoa bei ambayo baada ya makato inabaki 2,500 kwa kilo, gunia hilo ni 200,000. Hakuna aliyetamka riba, lakini 120,000 zimehama. Na kilo hizo 80 mara nyingi hupimwa kwa ndoo au kwa mizani isiyo na alama ya Wakala wa Vipimo, kwa hiyo hata hiyo 80 huenda ni 90. Ubaya mkubwa wa kangomba kisheria uko hapa: biashara yenyewe, nje ya chama cha msingi na stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza mazao kwa mnada kupitia ghala), imekatazwa, na mkulima aliyeuza anajua kuwa naye amevunja utaratibu. Anaogopa kwenda kulalamika asije akakamatwa yeye. Mnunuzi anaujua woga huo, na ndio anaoutegemea.

Halafu ipo kadi. Malipo ya korosho hupita AMCOS, yaani chama hicho cha msingi cha ushirika, na kuingia kwenye akaunti ya mkulima, na pensheni huingia vivyo hivyo. Mkopeshaji ameona njia fupi: anashika kadi ya benki na namba ya siri mpaka deni liishe. Siku malipo yanapoingia, yeye ndiye wa kwanza kwenye mashine. Anatoa anachotaka, anarudisha salio analotaka, na mwenye akaunti hana risiti hata moja. Mstaafu wa aina hii anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua anadaiwa kiasi gani.

Kama kadi yako au ya mzazi wako imeshikwa, hatua ni hizi na zinafanyika siku moja. Nenda tawi lolote la benki yako na kitambulisho, eleza kuwa kadi iko mikononi mwa mtu mwingine, ifungwe na uombe mpya yenye namba mpya ya siri. Usitaje namba hiyo kwa yeyote, hata kwa mjukuu anayekusaidia kutoa hela. Mwambie azibe macho wakati unabonyeza. Omba taarifa ya akaunti ya miezi yote ambayo kadi haikuwa kwako, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha alitoa kiasi gani na lini. Kisha andika barua kwa mkopeshaji: nilipokea kiasi hiki, umeshatoa kiasi hiki, naomba hesabu ya kinachobaki. Kufunga kadi hakufuti deni halali, na si vizuri mtu akudanganye hivyo. Kinachobadilika ni kwamba sasa unalipa wewe, kwa hiari na kwa risiti.

Kwenye mkataba wenyewe, anayemsomea bibi asianzie juu. Aanzie kwenye namba, asome kwa sauti: kiasi kinachotolewa mkononi, jumla ya kulipa kwa shilingi, tarehe ya mwisho, faini ya kuchelewa, na mali iliyowekwa dhamana. Kama jumla kwa shilingi haijaandikwa, iandikwe kabla ya saini. Mahali pabaya kuliko pote ni mstari mtupu ulio mbele ya neno "dhamana". Fomu nyingi huchapwa na nafasi mbili au tatu za mali; bibi anataja kitanda na baiskeli, nafasi ya tatu inabaki wazi, anaweka dole gumba, na wiki ya pili nafasi hiyo imejazwa "shamba la mikorosho". Piga mstari wa kalamu kwenye kila nafasi iliyobaki, mwanzo hadi mwisho, na saini pembeni yake. Kisha piga picha ukurasa wote kwa simu hapo hapo, na udai nakala. Shahidi awe wa upande wako, si karani wa mkopeshaji. Kama ni shamba au nyumba ya familia, kumbuka kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mke hana haja ya kungoja mpaka dalali afike mlangoni ndipo aseme.

Leseni nayo iulizwe bila aibu. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni ya mikopo na hata mtu binafsi anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni ya daraja la pili kutoka Benki Kuu. SACCOS ziko daraja la tatu chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi kama VICOBA viko daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Jina kwenye leseni lifanane na jina kwenye mkataba na jina la namba inayopokea marejesho. Likitofautiana hata moja, ondoka. Mikopo ya kwenye simu ni hivyo hivyo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Programu inayowatumia ujumbe wa kukuaibisha watu walio kwenye simu yako inagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Watu wa mkopeshaji wanapokuja kuchukua vitu, uliza kimoja tu: amri ya mahakama iko wapi? Anayekazia hukumu hutembea na karatasi yenye mhuri, namba ya shauri na majina ya pande mbili. Vijana wa mkopeshaji waliokuja na pikipiki ya miguu mitatu si mahakama, na kubeba mali ya mtu kwa nguvu hakugeuki halali kwa sababu kuna deni. Mwite mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, andika orodha ya vilivyochukuliwa, nenda polisi. Na hata shauri likifika mahakamani na ukashindwa, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inavitoa baadhi ya vitu kwenye ukamataji: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kilimo za mkulima. Sufuria na jembe, vitu vinavyobebwa kwanza na vijana wale, ndivyo ambavyo hata hakimu hawezi kuamuru vibebwe.

Malalamiko huanza kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa barua ya nakala mbili, moja igongwe mhuri au isainiwe kuwa imepokelewa. Akikataa kusaini, mpelekee ukiwa na mtendaji wa kijiji na mtendaji aandike nyuma ya nakala kuwa barua ilifikishwa tarehe fulani. Asipojibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na tawi lake la kanda hii liko Mtwara mjini. Kudai fedha ulizozidishiwa, Mahakama ya Mwanzo iko karibu zaidi, na lugha yake ni Kiswahili. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huandika barua hizi bila malipo. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako wako kata gani.

Sasa penye upungufu. Kwa mtu wa Liwale, wilaya ya ndani mkoani Lindi, kufika Mtwara mjini ni safari inayokula siku nzima na nauli inayokaribia faida anayoipigania. Kwa hiyo haki iliyoko Mtwara mjini, kwake ni haki ya kwenye karatasi.

Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu nzuri sana inayokataza biashara ya kumkandamiza mnunuzi. Humo hupimwa nguvu za pande mbili, kama mnunuzi aliweza kuelewa nyaraka, na kama alishinikizwa. Lakini sheria hiyo hiyo, kama ilivyotungwa, inamtoa kwenye maana ya mlaji mtu anayenunua bidhaa au huduma ili azitumie kuzalisha bidhaa za kuuza. Soma maneno hayo ukiwa Tandahimba, wilaya ya wakulima wa korosho mkoani Mtwara. Mkulima wa ekari mbili aliyeuziwa mfuko wa salfa iliyochanganywa na majivu, au aliyekopa kwa ajili ya kupulizia, anaweza kuambiwa kuwa yeye si mlaji, ni mzalishaji. Kipengele hicho kilifaa kiwanda chenye mwanasheria wake. Kwanza, basi, mkulima mdogo arudishwe ndani ya maana ya mlaji kwa kutajwa waziwazi.

Pili, mzigo wa kuthibitisha ugeuzwe. Palipo na dole gumba badala ya saini, mkopeshaji ndiye athibitishe kuwa mkataba ulisomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtu asiye wake, na kwamba jumla kwa shilingi ilitajwa. Asipoweza, arudishiwe kile alichotoa mkononi tu, bila riba. Mkopeshaji mwaminifu hatapoteza kitu. Atahitaji shahidi mmoja na dakika kumi. Tatu, mkopaji apewe siku tatu za kurudisha hela na kuvunja mkataba bila faini, kwa sababu mikopo mingi hii inachukuliwa siku ya msiba au ya kulazwa mgonjwa, na hakuna anayepiga hesabu vizuri siku hiyo. Nne, mkulima anayeripoti kangomba akiwa muuzaji wa kilo zake mwenyewe asishtakiwe kwa taarifa aliyoitoa. Bila kinga hiyo wanunuzi wakubwa wataendelea kulindwa na woga wa wadogo.

Haya ya juu yanahitaji Bunge. Lakini halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, na hapo pana nafasi ya kuanza. Sheria ndogo inaweza kudai kila mkopeshaji anayefanya kazi ndani ya wilaya aonyeshe leseni yake kwa mtendaji wa kata, jina lake libandikwe ubaoni penye matangazo ya AMCOS, na mikataba ya dole gumba ishuhudiwe na mtendaji wa kijiji bila ada. Rasimu hupelekwa vijijini kwa maoni, hupita baraza la madiwani, kisha huidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kabla ya kutumika. Ikianzia kwenye mikutano ya vijiji ya robo ya kwanza ya mwaka, madiwani wanakuwa nayo mezani kabla salfa haijaanza kupulizwa. Mikutano hiyo hiyo itumike kudai orodha ya waliopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sababu kila kikundi kinachoipata ni watu kadhaa wasiohitaji kumpa mtu kadi yao.