Nilivyoiombea digrii ya Minnesota nafasi Ujerumani

Nilimaliza digrii ya biolojia katika chuo cha umma huko Minnesota nikiwa na deni la mkopo ambalo sikutaka kulizalia mdogo wake. Ndiyo maana nikaanza kutazama Ulaya kwa masomo ya uzamili. Uholanzi ina kozi tele za Kiingereza, lakini kwa asiye raia wa Umoja wa Ulaya karo ya mwaka mara nyingi inapita euro 15,000. Ikabaki Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havimtozi karo hata mgeni. Unalipa mchango wa muhula basi. Si vyote, lakini. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza tangu 2024. Mama, mzaliwa wa Malindi, alinitaka nimsomee tena ule ukurasa wa karo. "Rahisi ghali, mwanangu. Angalia vizuri, hapo pana jambo."

Jambo lenyewe lilikuwa makaratasi.

Marekani tumezoeshwa kujinadi. Unaandika insha ya maisha yako, machungu yake na ulivyoyashinda, na wasomaji wanatarajiwa waguswe. Nilikuwa na insha ya namna hiyo tayari. Rafiki yangu mmoja aliyesoma Göttingen, Ujerumani, aliipitia akacheka. "Kaka, haya ya utotoni toa yote. Waambie umesoma nini, na kozi yao inaendelezaje ulichosoma." Nilibakiza ukurasa mmoja mkavu, wenye majina ya masomo na utafiti niliofanya maabara. Kwa maoni yangu ile ndiyo barua bora niliyowahi kuandika, ingawa haimlizi mtu.

Kilichonila muda ni krediti. Ulaya mwaka mzima wa masomo huhesabiwa krediti 60 za ECTS, mfumo wao wa kupima wingi wa masomo. Chuoni kwetu mwaka ulikuwa na 30. Kwa hiyo krediti yangu moja niliihesabu mbili, digrii ya krediti 120 ikawa 240, ingawa kila chuo kina namna yake ya kukokotoa na neno la mwisho ni lao. Jumla hiyo peke yake haitoshi. Kozi niliyoitaka ilidai kiasi maalumu cha ECTS katika hesabu na takwimu, na takwimu nyingi nilizosoma zilikuwa zimejificha ndani ya masomo ya ikolojia. Ukisoma transkripti yangu huzioni. Niliwaandikia walimu wangu wa zamani nikiwaomba silabasi za miaka ile, kisha nikatengeneza jedwali: somo, krediti, mada za kila wiki, kitabu kilichotumika. Wengine walijibu siku hiyo hiyo. Mwalimu mmoja mstaafu nilimsaka hadi nikampata kupitia katibu wa idara, naye akanitumia mitihani yake pia, bila kuombwa. Anayesoma Marekani sasa na ana mawazo ya Ulaya, aweke kila silabasi tangu mwaka wa kwanza.

Alama nazo hugeuzwa. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya kufaulia kwa shida, kinyume cha GPA yetu, wastani wa alama ambao 4.0 ndiyo ya juu kabisa. Unachukua alama ya juu kabisa, unatoa yako, unagawanya kwa tofauti kati ya ya juu na ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Kwa GPA ya 3.4, na 2.0 kama ya kufaulu, nilipata 1.9. Kozi nyingi zinataka 2.5 au bora zaidi, yaani GPA ya 3.0 kwa hesabu hiyo.

Vyuo vingi hupitisha maombi ya wageni kwa uni-assist, shirika la kukagua maombi lililoko Berlin: euro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila la ziada katika muhula huohuo. Ukaguzi wao unachukua wiki kadhaa, kwa hiyo tarehe ya mwisho inayoandikwa isikudanganye.

Halafu pesa ya kujikimu. Wajerumani wanataka kuona euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti wanayoiita Sperrkonto, ambayo hukutolea 992 kwa mwezi. Chama cha mama kilinikopesha sehemu, baada ya maelezo marefu kwamba hiyo si karo na hailiwi na mtu. Ni hela yangu, ila nitapewa kidogo kidogo.

Pasipoti ya Marekani ilinipunguzia safari moja: raia wake huingia Ujerumani bila viza na kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 90. Rafiki yangu mwenye pasipoti ya Kenya na green card ilimbidi aombe viza kwanza ubalozi mdogo wa Chicago. Na kwa kuwa angekaa nje zaidi ya mwaka, ilimpasa pia aombe kibali cha kurudi Marekani kabla hajaondoka.

Barua ya kukubaliwa ilipofika niliomba chumba cha bweni kwanza, ndipo nikampigia mama. Katika miji ya vyuo foleni ya vyumba huenda miezi.