Siku mikono ilipotetemeka tena

Nina kisukari cha aina ya kwanza, mwaka wa 12 sasa, na kazi yangu ni kushona nguo Kadutu, hapa Bukavu. Mwaka jana, mchana mmoja, nilikuwa nakata kitenge cha mteja. Mkono umetulia, kichwa naona kiko sawa. Binti yangu akanishika bega: "Mama, mkasi umetoka kwa chaki." Kweli, mstari wa chaki ulielekea huku na mkasi unakwenda kule. Nikapima sukari ya damu: 38 mg/dl.

Niliogopa kuliko siku niliyoambiwa nina ugonjwa huu. Zamani sukari ikifika 60 moyo ulidunda, jasho likatoka, mikono ikatetemeka, nami nikakimbilia chai. Sasa nilikuwa 38 na mwili umenyamaza kimya.

Muuguzi wa kituo chetu cha afya alikaa nami karibu saa nzima, namshukuru hadi leo. Alinichorea kongosho na vile visiwa vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869. Ndani yake kuna seli za beta zinazotoa insulini, ile inayoshusha sukari, na jirani zao, seli za alfa, zinatoa glukagoni. Glukagoni ndiyo inayoliambia ini lifungue ghala na kumwaga sukari kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya nzuri, sukari ikishuka insulini hupungua, na kupungua huko ni mojawapo ya ishara zinazoziamsha alfa. Mimi beta zangu zimekufa. Insulini yangu inatoka kwenye sindano, na ikishaingia haijui kupungua. Alfa zangu ziko hai, ila ile ishara ya jirani haiwafikii tena. Kwa wengi wetu kinga hiyo ya glukagoni hupotea ndani ya miaka michache ya kwanza. Kibaya zaidi, baada ya kula, wakati glukagoni ingepaswa kutulia, yenyewe inatoka. Kumbe ndiyo maana bugali ilikuwa inanipandisha kuliko nilivyotegemea, nami miaka yote hiyo nilijilaumu bure.

"Basi nimebaki na nini?" nikamuuliza.

"Uko na adrenalini, mama. Ile ya kutetemeka. Lakini ukishuka kila mara, nayo inazoea, inalala."

Akaniambia inaweza kuamshwa nikikaa wiki kadhaa bila kushuka hata mara moja. Tukapanga wiki tatu: nisiguse chini ya 70. Daktari alipunguza insulini yangu ya jioni, ile ya polepole, na akaitoa kwenye chakula cha usiku akaiweka saa ya kulala, maana nilipoichoma mapema nguvu yake ilinikuta katikati ya usingizi. Nikawa naamka saa tisa usiku kupima. Siku za kupanda na kushuka vilima kupeleka nguo kwa wateja, nilikula ndizi mbivu kabla ya kutoka na kupima tena kabla ya kulala, kwa sababu misuli iliyotembea inaendelea kunywa sukari hata usiku. Bandeleti, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, zilikuwa mzigo mkubwa. Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, yote iliishia huko, na sijutii.

Baba watoto naye alifundishwa. Zamani angenimiminia chai mdomoni nikiwa nimezimia, jambo ambalo lingeweza kunipalia hadi kifo. Sasa anajua kunilaza ubavu na kuomba msaada mbio. Sindano ya glukagoni ya miligramu 1, ambayo ndiyo dawa ya saa hiyo, tuliiulizia kwenye maduka ya dawa tuliyoyajua tusiipate. Hilo linaniuma.

Wiki ya kwanza sukari yangu ilipanda, 180, 200, nikataka kuacha. Muuguzi akanituliza: kwa wiki hizi tatu, juu kidogo si adui.

Wiki ya nne, siku ya Jumanne, niko kwenye cherehani, uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikaulamba, nikajaribu tena, ukapita pembeni. Nikatazama vidole vyangu. Vinatetemeka! Jasho limenilowesha shingo. Nikapima: 61.

Nilimwita binti yangu kwa sauti hadi majirani wakachungulia. Akaniletea vijiko vidogo vinne vya sukari ndani ya maji, nikanywa huku machozi yananitoka, nikasubiri dakika 15, nikapima: 88. Uzi ukaingia mara ya kwanza.