Kovu la Nyuzi 3

Siku ya tatu bila choo wala upepo, aibu ilikuwa imeniisha. Kila aliyekaribia kitanda nilimwambia: sijajamba tangu Jumapili. Tumbo lilikuwa likisokota, likiachia, likisokota tena. Matapishi yalishageuka kijani, na cha ajabu, bega la kushoto liliniuma karibu sawa na tumbo lenyewe. Wiki chache kabla nilikuwa nimepewa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimeza zote kwa utiifu.

Daktari wa zamu alitazama eksirei, akaona hewa pale palipotakiwa kuwa na pafu la kushoto. Akasema pafu limesinyaa, atatoboa kifua aingize mrija. Alishanipaka dawa ubavuni, ubaridi wake naukumbuka hadi leo, ndipo bingwa wa upasuaji alipoingia. Hakuanza na picha. Alipitisha kidole kwenye kovu chini ya titi, dogo kama ukucha wa kidole gumba.

"Hili la nini?"

"Kisu, daktari. Vibaka, miaka 4 iliyopita. Nilishonwa nyuzi 3 nikarudi nyumbani."

Nilikuwa nimeulizwa kama niliwahi kuumia, nikajibu hapana. Sikudanganya. Kwangu yale yalikwisha siku nyuzi zilipotolewa.

Akaweka stetoskopu kifuani, akatulia, kisha akampa mwenzake. Yule kijana akasikiliza, akanitazama usoni, akasikiliza tena.

"Kunanguruma."

"Basi mrija wako ungetoboa utumbo," bingwa akasema, bila kupandisha sauti.

CT skani ikathibitisha. Kisu kilikuwa kimechana kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, na tundu halikuziba, kwa kuwa kiwambo hakipumziki: kila pumzi kinashuka na kupanda, na kifua kinavuta juu vilivyo tumboni. Kulia ini husaidia kukinga. Kwangu ilikuwa kushoto. Utumbo mpana ulijipenyeza polepole miaka yote hiyo, hadi ukabanwa.

Nilipasuliwa usiku uleule. Kipande kilichokuwa kimeshakufa kikakatwa, tundu likashonwa kwa uzi usioyeyuka. Nilipozinduka nilikuta mrija ubavuni, palepale nilipopakwa dawa, ila safari hii uliwekwa na mtu aliyejua kilichokuwa ndani.

Siku ya tano, alfajiri, nilijamba. Nesi akacheka, akaandika saa kwenye faili.